Milimita moja au sita? Hesabu ya moto wa ITER

Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, anayeijua koltani ya Rubaya au kasiteriti ya Bisie anaijua pia wolframiti: sheria ya Marekani ya mwaka 2010 na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2017 zimeyaweka madini hayo kapu moja na dhahabu. Wolframu inayotokana na wolframiti huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi. Hakuna metali nyingine inayofika hapo. Ndiyo iliyochaguliwa kwa diveta ya ITER, tokamaki (mashine ya kuunganisha viini vya atomi ndani ya plazima, gesi ya moto mkali yenye chaji) inayojengwa Cadarache, Ufaransa. Diveta ni sakafu ya chombo, ambako joto la plazima hutolewa.

Sumaku huzuia plazima isiguse kuta, lakini megawati 100 hivi zitavuja pembeni na kushuka katika ukanda mwembamba. Upana wa ukanda huo ndio uliozua mjadala. Mwaka 2013 Thomas Eich na wenzake walikusanya vipimo vya tokamaki sita wakapata fomula: uga wa sumaku unaozunguka ubavu wa plazima ukizidi nguvu, ukanda husinyaa. Kwa ITER jibu lilikuwa kama milimita 1. Mzingo wa nje wa plazima yake ni mita 51 hivi, kwa hiyo ukanda mzima, kabla haujatanuka ukielekea chini, una eneo dogo kuliko karatasi moja ya A4. Vibao vya wolframu vimeundwa kuhimili mfululizo megawati 10 kwa kila mita ya mraba.

Programu zilizozoeleka, kama SOLPS-ITER, huichukulia plazima kama kimiminika. Zinafaa sana kukadiria gesi ya neoni inavyopoza ukingo, lakini kasi ya joto kusambaa kwenda pembeni huingizwa na mtumiaji mwenyewe. Programu ya namna hiyo haiwezi kukutabiria upana, inakurudishia ulichoipa.

C.S. Chang na timu yake ya maabara ya plazima ya Princeton walishika njia ngumu zaidi. Programu yao, XGC, hufuata ioni na elektroni kama chembe, pamoja na misukosuko inayozisukuma. Kazi hiyo ilihitaji kompyuta kuu Titan, iliyokuwa Oak Ridge. Kwanza waliipima kwa tokamaki zilizopo, na majibu yakalingana na fomula ya Eich. Walipoigiza ITER ikiwa na nguvu kamili, mwaka 2017, ukanda ukatoka karibu milimita 6.

Kinachonishawishi ni tokamaki ya C-Mod ya Marekani. Uga wake wa sumaku wa ubavuni ulikaribia nguvu ya ule wa ITER, na hapo XGC ilikubali ukanda mwembamba. Basi tofauti haikutoka kwenye uga huo. Mwaka 2021, kwa msaada wa mashine inayojifunza, timu ilitaja kigezo kilichojificha: ukubwa wa plazima ukilinganishwa na duara dogo ambalo ioni huchora katika uga huo. Katika ITER uwiano huo ni mkubwa mno, na misukosuko ya elektroni zilizonaswa huutanua ukanda.

Hata hivyo, singepunguza tahadhari ya vibao kwa sababu ya hesabu hii. Eich alipima mashine halisi, ilhali hakuna tokamaki iliyowahi kufikia uwiano wa ITER, na ratiba iliyotangazwa 2024 inaweka mwanzo wa utafiti wake mwaka 2034.