Diski ndani ya diski: kuifungua bila kuijeruhi

Tuseme ofisi moja Rudewa, kwenye barabara ya Dumila–Kilosa, ina seva ya Linux inayoendesha mashine pepe ya hesabu za wakulima. Diski ya mashine hiyo ni voliyumu ya LVM iitwayo hesabu, gigabaiti 200. Umeme umekatika, mashine pepe imegoma kuwaka, na kinachotakiwa ni folda moja tu. Kumtumia fundi wa Morogoro gigabaiti zote hizo kwa bando la simu ni kujitesa. Folda itolewe hapo hapo.

Ukijaribu kupachika /dev/vg0/hesabu moja kwa moja, Linux inakataa na kulalamikia aina ya mfumo wa faili. Wengi hapo hushtuka wakidhani data imekwenda. Haijaenda. Mashine pepe iliiona voliyumu ile kama diski kamili, ikaandika jedwali la patisheni mwanzoni kabisa. Mfumo wa faili umeanzia mbele zaidi, mara nyingi kwenye sekta ya 2048, yaani baiti 1,048,576 kutoka mwanzo. Kerneli husoma jedwali la namna hiyo kwenye diski halisi, lakini kwenye voliyumu ya LVM hailigusi.

Kazi hiyo inafanywa na kpartx. Amri ya kpartx -l inaonyesha patisheni zilizomo bila kuunda chochote. Kpartx -av inaziundia njia chini ya /dev/mapper, kwa kawaida vg0-hesabu1, vg0-hesabu2 na kuendelea. Maelekezo mengi yanakomea hapa, na mimi naona hapa ndipo hatari inapoanza.

Kwanza, mashine pepe iwe imezimwa. Mifumo miwili ikiandika kwenye ext4 moja kwa wakati mmoja, inaiharibu. Pili, kupachika kwa -o ro hakuzuii kuandika. Baada ya umeme kukatika, ext4 ina kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika, na itayakamilisha kwenye diski hata kama umesema unasoma tu. Ongeza noload, au tengeneza njia zenyewe kwa kpartx -arv ili zisiandikike. Hapo ext4 yenye kiporo itakataa kupachikwa mpaka uipe noload.

Mimi ningepita njia nyingine: lvcreate -s kwanza, ili kupata nakala ya papo kwa papo, kisha kpartx juu ya nakala hiyo. Kumbukumbu ikikamilishwa, inakamilishwa kwenye nakala, na ya asili inabaki ilivyokuwa. Ipe nafasi ya kutosha tu, maana ikijaa haifai tena.

Kuna fundo jingine: patisheni ya ndani yenyewe inaweza kuwa ya LVM. Kisakinishi cha Ubuntu Server hupenda kuliita kundi la voliyumu ubuntu-vg, kwenye seva na ndani ya mashine pepe vilevile. Majina yakigongana, usikimbilie vgrename kwenye diski ya asili, kwani mashine pepe inaweza kushindwa kuwaka kwa kutafuta jina la zamani. Kwenye nakala, vgimportclone inabadilisha jina na vitambulisho kwa mpigo mmoja.

Kufunga kunarudi kinyumenyume: umount, vgchange -an kwa kundi la ndani, kpartx -d, mwisho lvremove kwa nakala. Ukiruka kpartx -d, lvremove itakataa ikidai voliyumu inatumika, na kweli inatumika: njia zile za /dev/mapper bado zimeishikilia.