Mvua ya Kijani Inanyesha Ndani ya Laptopu Yangu!

Jamani, jamani, jamani! Acha unachofanya unisikilize. Nimetoka kuiangalia sasa hivi, chai imepoa mpaka imetanda utando, na sijali hata kidogo. Ile mvua ya herufi za kijani ya sinema ya The Matrix, ile ya 1999, ile iliyotufanya tutoke kibanda umiza tunatembea kwa madaha kama tumevaa makoti marefu meusi, kumbe tuko peku, sasa inanyesha kwenye laptopu yangu! Hii hii iliyobanduka kitufe cha herufi M!

Skrinseva ya namna hii nimeisaka siku nyingi. Moja niliyowahi kuipakua ilikuwa ya ovyo kupindukia: herufi kavu, zimedoda, halafu matangazo yakaanza kuchomoza kila kona. Nikasusa. Jana usiku ndipo nikaweka XScreenSaver, mkusanyiko wa bure wa skrinseva ambao Jamie Zawinski aliuanzisha mwaka 1992, nikapekua weee, nikakutana na kitu kinaitwa GLMatrix. Nikazima taa. Nikaachia kipanya. Nikatulia tuli.

Kwanza giza totoro. Mara cheche moja ikateremka, nyeupe, kali, inaburuta mkia wa kijani. Ikaja ya pili. Ya tano. Kufumba na kufumbua, kioo kizima kinachuruzika! Na ukikazia macho safu moja tu unaukamata mchezo wenyewe: herufi haianguki, imekaa palepale, ni mwanga ndio unaoshuka ukiziamsha moja moja, na nyingine zinabadilika ghafla kama zinakukonyeza. Safu za mbali zimefifia kama ziko kwenye ukungu, za karibu zinakujia, zinakujia, mpaka unarudisha kichwa nyuma bila kupenda. Halafu mandhari yote inageuka taratibu, kiulaini, kama unaelea. Chandarua kijani, ukuta kijani, vidole vyangu kijani! Mdogo wangu akasukuma mlango, akaganda. “Kaka, umeanza kuiba benki?” Dakika mbili baadaye alikuwa amekaa kitandani kwangu, mdomo wazi, hataki kuondoka.

Na bado! Zile herufi unajua ni nini? Katakana za Kijapani, zimegeuzwa kama unazisoma kwenye kioo cha kujitazamia. Simon Whiteley, aliyezibuni kwa ajili ya sinema, amesema alizichota kwenye vitabu vya mapishi vya mkewe Mjapani. Mapishi ya sushi! Miaka yote hii tunaogopa siri ya ulimwengu, kumbe tunasomewa jinsi ya kuandaa samaki na wali. Nilicheka peke yangu usiku wa manane kama mwehu.

Na bado! Pembeni yake kuna XMatrix, ndugu yake wa zamani, bapa zaidi, lakini usimdharau: mguse kwenye mipangilio akuonyeshe ule mwanzo wa sinema, namba zinavyokimbia wazimu kabla ya kunasa namba ya simu, tarakimu moja, nyingine, nyingine... moyo unadunda utadhani wanaofuatiliwa ni nyie. Mimi lakini nimeshampa GLMatrix moyo wangu, msiniulize tena.

Feni ya laptopu yangu inavuma kidogo mvua ikianza kunyesha, sawa, nimeisamehe. Kinachoniuma ni kitu kimoja: ukigusa kipanya tu, pwaa, inapotea, unarudishwa kwenye kazi zako za ofisini zilizokununia. Tangu asubuhi naizunguka meza kwa kunyata.

Mwenye Windows, pole sana, haikuandikwa kwa ajili yako. Lakini wewe wa Linux au Mac unangoja nini? Iweke leo hii, usiku ukiingia zima taa, mwite na mdogo wako. Na tafadhali, kipanya usikiguse!