Mapinduzi Yasiishie Ukutani: Funzo la Sanaa ya Meksiko

Utamaduni wa umma hauwezi kutenganishwa na swali la nani anamiliki ardhi. Ukweli huu unadhihirika katika kuta za Wizara ya Elimu ya Meksiko, zilizochorwa na Diego Rivera kati ya mwaka 1923 na 1928.

Kabla ya Mapinduzi ya 1910, tabaka tawala la nchi hiyo liliiga Ulaya na kudharau mila za wenyeji. Rivera, Orozco na Siqueiros walikataa kasumba hiyo. Tamko la chama chao cha wachoraji, lililochapishwa mwaka 1924, lilipinga picha za kupamba sebule za matajiri, likadai sanaa ya kuonwa na umma wote.

Katika Ua wa Kazi, Rivera anatuonyesha mchimba madini akitoka mgodini, mikono ameinyoosha kama aliyesulubiwa, huku msimamizi akimpekua. Hata asiyejua kusoma anauelewa unyonyaji huo. Katika Ua wa Sherehe kuna Siku ya Wafu, kuna Mei Mosi, na pamoja nazo kuna ugawaji wa ardhi. Hapa ndipo penye nguvu ya kazi hii: mila si ngoma za kuburudisha wageni, bali ni maisha ya wazalishaji, na mkulima kurudishiwa shamba ni sikukuu kubwa kama nyingine.

Hata hivyo, picha ilitangulia tendo. Ugawaji mkubwa, wa hekta zipatazo milioni 18, ulifanywa na Rais Lázaro Cárdenas kati ya 1934 na 1940. Baadaye chama kilichotawala kwa jina la Mapinduzi kilimweka Siqueiros kifungoni tangu 1960 hadi 1964. Mwaka 1992 kilibadili kifungu cha 27 cha Katiba, kikakomesha ugawaji na kufungua njia ya kuuza ardhi ya pamoja ya vijiji. Picha zilibaki pale pale, zikiwa pambo la ofisi. Januari 1994 wakulima wa Chiapas walishika silaha kwa jina la Zapata.

Kosa halikuwa la mchoraji. Kosa ni la viongozi waliodhani kwamba kumsifu mkulima ukutani kunatosha. Basi kada anayesimama mbele ya picha ya mvuja jasho asiulize tu kama imechorwa vizuri. Aulize: huyu aliyechorwa, leo shamba lake liko mikononi mwa nani?