Mkasi wa Makutupora

Mpogoaji mahiri hakati ovyo. Huuzunguka mzabibu kwanza, akaupapasa tawi kwa tawi, akahesabu macho ya kuchipua, ndipo mkasi ulie. Mzee mmoja wa Hombolo, Dodoma, niliyemtazama aliacha macho machache tu kwa kila tawi. Mengine yote chini. Kijana wake alilionea huruma tawi moja nene, lenye afya. "Hilo, mwanangu, ndilo mwizi," mzee akasema, akalikata.

Ulaya, mzabibu hulazwa na baridi. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Anayeulaza na kuuamsha ni mkulima. Hupunguza maji, hupitisha mkasi, na mti huanza upya. Ndiyo maana huko huvunwa mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, kisha Agosti na Septemba. Majira yenyewe yamo mkononi mwa mpogoaji.

Wamisionari wa Kiitalia ndio waliopanda mizabibu Bihawana, hukohuko Dodoma. Wagogo, watu wa mtama, uwele na ng'ombe, wakaifanya yao. Zabibu nyekundu tunayojivunia ikachukua jina la Makutupora, kaskazini mwa mji, bonde lilelile linaloinywesha Dodoma maji ya visima.

Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye ganda, kwa hiyo mchuzi wa zabibu huachwa uchachuke pamoja na maganda yake. Maganda hupanda juu na lazima yazamishwe kila siku. Mvivu akiyaacha yakauke, siki hubisha hodi. Katika maganda hayo na mbegu za zabibu ndimo unamotoka ukakasi, ule unaoshika ulimi kwenye mvinyo usiotiwa sukari.

Ukakasi unataka mafuta. Choma mbavu za mbuzi kwa mkaa taratibu, chumvi tu, mafuta yachuruzike motoni. Tafuna, kisha piga funda moja: mvinyo huyafuta mafuta ulimini, na pande linalofuata likawa kama la kwanza. Mchuzi mzito wa ng'ombe nao unakubali. Samaki muache, mvinyo mwekundu humtia ladha ya chuma. Na pilipili iwe ya kiasi, maana ikizidi huuchokoza ukakasi, kinywa kikawaka.

Lakini nani anajali siku hizi? Kwenye sherehe zetu mvinyo mwekundu unazamishwa barafu, unachanganywa soda, chupa imeshinda juani tangu asubuhi. Mgeni wa heshima huletewa chupa ya ng'ambo, ya nyumbani ikafichwa jikoni. Wakati huohuo, msimu ambao wanunuzi hawatokei, vichala huozea shambani, au mkulima hukamua mchuzi na kuuza kwa bei ya kutupa. Mtu aliyekosa mnunuzi, ahesabu macho ya tawi kwa ajili ya nani? Vijana wakiliona hilo, mkasi hawaushiki.

Mzabibu usiopogolewa hujaa majani, na zabibu zake huwa ndogo, hafifu. Basi, ndugu msomaji, siku ukichinja mbuzi, agiza mvinyo wa Makutupora. Upoze kidogo, usiutie kitu, na ulipe bei yake bila kunung'unika.