Kutupa na Kushusha: Juu ya Masimulizi ya Askari wa Bama

Mnamo mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw, nchini Bama, chini ya mvua zilizogeuza njia kuwa matope. Chakula na risasi vililetwa kwa ndege za Dakota. Mzee mmoja wa Rusimbi, aliyekuwa askari wa Keya, alinisimulia habari hizo nami ningali mwanafunzi. Alisema kuwa mchele walitupiwa, bali risasi walishushiwa. Katika kunakili niliandika "kudondosha" pote pawili, nikidhani nasanifisha lugha. Kumbe nilifuta ushahidi. Mchele ulitupwa bila ya mwavuli, katika magunia mawili, moja ndani ya jingine, na aliye chini aliweza kuuawa nao. Risasi zilishuka kwa miavuli.

Tena alisema "ndege kaja", nami nikasahihisha "imekuja". Sarufi yangu ilikuwa sawa. Lakini kwa mwenye njaa aliyetazama juu, mleta chakula hakuwa chombo tu. Mhakiki hana budi kuyapima maneno kabla ya kuyasahihisha, kwani msemaji akiisha kufa hapana wa kuulizwa.