Darasa, Nuru na Utoto

Wako wasemao kwamba shule ni kuta nne na paa. Kauli hiyo yamfaa mhesabu matofali, mlezi haimtoshi. Jengo humfundisha mtoto kabla mwalimu hajafungua kinywa: kiza humzoeza kusinzia, joto humzoeza kuchoka, nuru humwita atazame. Kwa hiyo usanifu wa shule ni sehemu ya utamaduni, nao wastahili kuhakikiwa kama tuhakikivyo shairi.

Tutazame shule ya msingi ya Gando, kijiji cha Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Diébédo Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji hicho, na utotoni alisomea katika darasa la joto na mwanga hafifu. Akiwa mwanafunzi Berlin, alichangisha fedha za kujengea shule hiyo. Matofali yalitengenezwa kwa udongo wa papo hapo uliotiwa saruji kidogo. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari ya udongo ili upepo upite na kuondoa joto. Tena limetokeza nje ya kuta, hata mwanga huingia bila ukali wa jua. Watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake wakateka maji. Mwaka 2004 jengo hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu.

Uzuri wake mkubwa u katika rangi. Wekundu wa kuta ni ule ule wa ardhi wanayoichezea watoto, basi mtoto aingiapo darasani hajioni mgeni. Hata hivyo, bati na chuma bado hununuliwa, na tofali lisilokandamizwa vema huliwa na mvua. Atakayeiga sura na kuacha utaratibu atajenga gofu.

Sisi Watanzania tuna la kujifunza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wanavijiji walijenga madarasa kwa mikono yao ili elimu iwafikie watoto wote. Nia ilikuwa njema na haraka ilikuwa na sababu. Lakini tumebaki na mazoea ya kuhesabu vyumba pasipo kuuliza mtoto aona nini ndani yake, na udongo wetu tumeupa jina la umaskini.

Mwalimu asimngoje msanifu. Aketi dawati la nyuma saa nane mchana, asome ubao kwa macho ya mwanafunzi wake. Hapo atajua dirisha lipi lipanuliwe na ukuta upi upakwe chokaa.