Heko kwa Mafundi Wanaopinda Spana

Kila gari lina nati moja inayomtesa fundi. Imejificha nyuma ya injini, mkono unapenya kwa shida, na spana ya dukani haina nafasi ya kugeuka. Hapo fundi wa gereji za Gerezani, Dar es Salaam, hufungua sanduku lake na kutoa spana namba 14 aliyoikata mkia, akaipinda shingo, akausaga mdomo kwa grenda hadi ukawa mwembamba. Baada ya muda, nati inaachia.

Wengine huiona spana hiyo kama chuma chakavu. Mimi naona elimu. Kiwandani, mdomo wa spana ya kawaida huinamishwa nyuzi 15, ili ukiigeuza upande wa pili ishike tena nati baada ya nyuzi 30 badala ya 60. Fundi anaendeleza kazi pale kiwanda kilipoishia. Anajua pia kwamba chuma kikiiva moto hupoteza ugumu wake. Ndiyo maana husaga kidogo kidogo huku akikichovya majini. Spana aliyoipinda kwa moto haiongezei bomba la kurefusha mkono wala haipigi nyundo.

Mwenye gari hufaidika, kwa kuwa nati inafunguka bila kushusha injini.

Basi ukikuta spana zilizopinda gerejini, ziheshimu. Na kazi ikiisha haraka, usipunguze malipo ya fundi: unalipia maarifa yake, si dakika zake.